Ua katika Nchi ya Chai

Katika ushairi wa pwani, ua ni jazanda iliyokomaa: asumini ni mpenzi, waridi ni uzuri unaonyauka, na kikuba kifuani ni mwaliko usiotamkwa. Aghalabu wahakiki huichukulia maana hii kuwa ya fasihi nzima ya Kiswahili. Mazingira ya Kericho na Bomet yanalitia dai hilo mashakani.

Mti wa chai hutoa maua meupe yenye kitovu cha manjano. Hata hivyo, katika shamba linalotunzwa maua hayo ni nadra, kwa kuwa kila baada ya wiki moja au mbili mchumaji huondoa majani mawili na chipukizi lake. Isipokuwa miti iliyotengwa kwa ajili ya mbegu, chai iliyochanua ni chai iliyoachwa: pengine wachumaji wamegoma, pengine bei hailipi jasho.

Isitoshe, Wakipsigis, wenyeji wa nchi hii, humtukuza mshindi kwa kumvisha sinendet, mmea utambaao. Taji lao ni la majani mabichi, si la maua.

Kwa hiyo, mshairi wa huko akiandika kwamba chai imechanua, huenda haisifu bali anaomboleza. Mhakiki atakayelifasiri ua hilo kwa mazoea ya Lamu ataona mapenzi pale penye njaa. Budi kwanza aulize ni nani huchuma, na kwa malipo gani.