Majini Mbele ya Karani

Kodi ya Janibu haijafika. Hivyo ndivyo Shaaban Robert anavyofungua Adili na Nduguze, hekaya yake ya 1952 yenye majini, nyoka anayegeuka mwanamwali na mji ambao watu wake wamekuwa mawe: kwa deni la serikali. Mfalme Rai anamtuma Ikibali akamuulize liwali Adili fedha zimekwama wapi. Fedha zinapatikana bila matata. Lakini usiku mgeni anachungulia, na anamwona mwenyeji wake, mtu mpole na muungwana, akiingia chumbani na kuwacharaza mjeledi manyani wawili waliofungwa minyororo. Akishamaliza anawapooza kwa maneno, anawalisha.

Msomaji wa Kahama haoni ajabu majini na kodi kukaa ukurasa mmoja. Mwaka 2017, makontena ya makinikia kutoka migodi ya dhahabu ya huko, Bulyanhulu na Buzwagi, yalipozuiwa bandarini Dar es Salaam, hata wauza mchele wa mjini walikuwa wakibishania mrabaha. Na ukienda kwa wachimbaji wadogo, mambo ndiyo hayo hayo. Viroba vya mawe vinahesabiwa mbele ya watu kabla ya kupelekwa karashani: vya mwenye duara, vya mwenye eneo, vya waliochimba. Hesabu ikishakamilika ndipo maneno yanapoanza, kwamba fulani hakupata hivi hivi, kuna mganga nyuma yake. Muujiza na daftari vinalala kitanda kimoja.

Shaaban Robert alilijua daftari hilo. Alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, akaingia idara ya forodha ya serikali ya kikoloni angali kijana na kukaa huko miaka mingi kabla ya kuhamishiwa ofisi nyingine. Wahakiki wamezoea kumsoma kama mshairi na mwalimu wa maadili, wala hawajakosea. Lakini katika hadithi zake fupi za ajabu ni ukarani unaoshika usukani. Hakuna kioja kinachopita bila kuhojiwa. Adili haanzi kusimulia kisa chake kwa sababu kuna mbalamwezi na watoto wamekusanyika. Anasimulia kwa kuwa ameitwa barazani kwa mfalme na anadaiwa maelezo.

Mtindo huo ameutumia pia katika Kusadikika, kitabu cha 1951. Nchi yenyewe inaelea hewani, jambo linalomkumbusha msomaji kisiwa kinachoelea alichokibuni Jonathan Swift mwaka 1726. Swift anakizungukia kisiwa chake, anakipima, anakicheka. Shaaban anaitaja nchi yake ya hewani, kisha anatufungia ndani ya mahakama. Karama ameshtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Mshtaki wake ni Waziri Majivuno. Utetezi wake ni visa vya wajumbe sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa, wakatupwa gerezani. Kwa maneno mengine, ni mkusanyiko wa hadithi fupi uliovaa joho la kesi. Kila kisa kinasimama peke yake, na kila kisa ni ushahidi dhidi ya watawala.

Hekaya ya Adili si ya kubuni tupu. Asili yake ni kisa cha Abdallah bin Fadhil katika Alfu Lela Ulela, mkusanyiko uliokwisha kutolewa kwa Kiswahili mwishoni mwa miaka ya 1920. Kule mji ni Basra, mfalme ni Harun al-Rashid, na wanaochapwa ni mbwa. Shaaban amewafanya manyani. Badiliko hilo ni dogo kwa jicho la haraka, ila jaribu kulisoma kwa sauti: nyani ana mikono, ana uso, machozi yake yanatutia aibu. Manyani hao ni Hasidi na Mwivu, ndugu waliomtupa Adili baharini kwa kijicho, na majini wakawageuza wanyama na kuamuru wachapwe. Majina yanatoboa siri mapema mno, na hapo ndipo mhubiri anapomkanyaga msanii.

Ila tazama mwisho. Katika Alfu Lela ndugu wanarudishiwa utu wao, kisha wanajaribu kumuua ndugu yao, nao wananyongwa. Shaaban hakutaka damu hiyo. Rai anaandika barua kuwaombea radhi, amri ya majini inatenguka, na ndugu wanabaki watu waliojuta. Barua! Huria, binti wa mfalme wa majini, mwenye uwezo wa kumgeuza mtu mnyama kwa kufumba na kufumbua, analegezwa na karatasi iliyotoka ofisini. Karani wa forodha ameliandika jambo hilo bila kutabasamu.

Usukumani kuna kisa kinachokwenda sambamba na hiki, ambamo muujiza nao unadaiwa maelezo. Masala Kulangwa analiua zimwi Shing'weng'we lililowameza watu wote, analipasua tumbo, watu wanatoka. Kisu kinamkata kikongwe mmoja sikio, na mkombozi anajikuta na kesi. Msimuliaji hodari halipiti sikio hilo mbiombio.

Vitabu vya Shaaban vimechapwa upya mara kadhaa tangu alipofariki 1962. Mkuki na Nyota, nyumba ya vitabu iliyoanzishwa na Walter Bgoya Dar es Salaam mwaka 1991, imerudisha sokoni kazi zake kadhaa. Toleo jipya la hadithi zake fupi za ajabu lingefaa kuziweka Adili na Kusadikika ndani ya jalada moja, bila maswali ya mtihani kila sura inapokwisha, maana maswali hayo ndiyo yaliyowafanya wengi waviache vitabu hivi mara tu baada ya kidato cha nne. Dibaji iwe kurasa mbili, tatu. Na mhariri asiogope kudokeza barua ambazo Shaaban alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kati ya 1931 na 1958, zilizotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) mwaka 2002. Yusuf alizitunza miaka yote hiyo. Aliyebuni Hasidi na Mwivu alikuwa na ndugu wa namna hiyo.