KIPOFU MWENYE BASTOLA: JUU YA KITABU CHA MWISHO CHA CHESTER HIMES

Msomaji wa hadithi za upelelezi humwekea mtungaji sharti moja: maiti ikionekana mwanzoni, muuaji naye hana budi kuonekana kabla ya kitabu kufungwa. Muhammed Said Abdulla alilitimiza sharti hilo tangu Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyopata tuzo katika mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957–58 na kupigwa chapa mwaka 1960. Bwana Msa akisha kutia kiko kinywani na kutafakari, kila fundo hufunguka. Katika miaka hiyo hiyo, huko Paris, Mwamerika mweusi aitwaye Chester Himes alianza mfululizo wake wa hadithi za upelelezi, naye kwa miaka mingi alilipa deni lake kama wenziwe. Katika kitabu cha mwisho alikataa kulipa. Je, kukataa huko kulitokana na uchovu wa mtungaji, au ndiko mfululizo mzima ulikokuwa ukielekea? Wako wasemao ni uchovu. Mimi siafikiani nao.

Himes alizaliwa mwaka 1909 katika Jefferson City, Missouri. Mwaka 1928 alihukumiwa kifungo cha miaka 20 hadi 25 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Aliachiliwa mwaka 1936, na gerezani ndimo alimoanzia kuandika. Alihamia Ulaya mwaka 1953, akiwa mtungaji wa riwaya nzito ambazo hazikumpatia riziki ya kutosha. Aliyemgeuza ni Marcel Duhamel, mhariri wa Série Noire, mfululizo wa hadithi za upelelezi wa kampuni ya Gallimard. Duhamel alimtaka aandike hadithi za namna ile ya Kiamerika, ambazo ndani yake mpelelezi hutegemea ngumi na risasi kuliko kioo cha kukuzia. Himes hakuwa na fedha, akakubali. Kitabu cha kwanza kilitoka Marekani mwaka 1957 kwa jina la For Love of Imabelle, na tafsiri yake ya Kifaransa ikampatia tuzo kubwa ya hadithi za upelelezi ya Ufaransa mwaka 1958.

Mashujaa wake ni askari kanzu wawili weusi wa Harlem, Coffin Ed Johnson na Grave Digger Jones, ambao majina yao ya utani yanabeba jeneza na kaburi. Wa kwanza uso wake uliunguzwa kwa tindikali katika kitabu kile cha mwanzo, na tangu hapo hasira yake haina breki. Si watu wapole. Hupiga kwanza, kisha huuliza. Lakini katika vitabu vile vya awali ukatili wao una soko, kwa maana hununua jawabu. Matapeli hushikwa, fedha iliyopotea hujulikana ilikokwenda, na msomaji hulala usingizi wake.

Kitabu cha nane, Blind Man with a Pistol, kilitoka mwaka 1969. Harlem ilikwisha kuwaka moto Julai 1964, baada ya polisi Mzungu kumwua kijana James Powell, na Martin Luther King alikwisha kuuawa Aprili 1968. Katika kitabu, Mzungu auawa mitaani usiku, naye mtu mwenye kofia nyekundu ya tarbushi aonekana akikimbia na suruali mkononi. Twatazamia upelelezi wa kawaida. Badala yake twaletewa mganga auzaye dawa ya kurudisha ujana, kisha mauaji mengine, kisha makundi matatu ya waandamanaji, kila moja na nabii wake na biashara yake, yakigongana katika siku ya kumkumbuka Nat Turner, mtumwa aliyeongoza maasi ya 1831 huko Virginia. Askari wetu wawili wapewa amri mpya: waache yale mauaji, wamtafute anayeanzisha fujo.

Hapa sarufi yetu yaweza kutusaidia kuliko nadharia nyingi za wahakiki. Kiswahili hutenga kauli mbili ambazo lugha za Ulaya mara nyingi huzichanganya. Tukisema mlango ulivunjwa, tumeacha nafasi ya kuulizwa, "Na nani?" Tukisema mlango ulivunjika, nafasi hiyo imefungwa: hakuna wa kutajwa. Hadithi ya upelelezi, kwa asili yake, ni hadithi ya kauli ya kutendwa. Mtu aliuawa, na nani? Kazi yote ya mpelelezi ni kulijaza pengo lile baada ya "na".

Tuwatazame sasa wakubwa wa polisi katika kitabu hiki. Juu ya fujo, wanadai jina la mtu mmoja: fujo zimeanzishwa, basi na nani? Juu ya yule Mzungu aliyeuawa, ambaye upelelezi wake ungeweza kuwafikia watu wasiotakiwa kuguswa, wanataka lisiulizwe neno, kana kwamba kifo chake kilitokea tu. Yaani kauli zimebadilishana mahali. Penye mtendaji wa kukamatwa, serikali yasema "ilitendeka". Penye maafa yaliyojengwa kwa miaka 100, yataka mtu wa kutiwa pingu. Askari wale wawili, wanaoijua Harlem kama viganja vyao, waona dhihaka hiyo. Jawabu wanalompa Luteni Anderson ni kwamba aliyeanzisha fujo ni Abraham Lincoln, kwa kuwapa watumwa uhuru bila ya kuwaandalia chakula. Msomaji hucheka, kisha huona kwamba hawakufanya mzaha.

Kwa hiyo si kweli kwamba Himes alishindwa kulifunga fundo. Hasemi hakuna mwenye kosa. Asema mwenye kosa hashikiki kwa zana za mpelelezi, na mtungaji aliyejifanya anashikika angesema uongo. Mwishoni kipofu mmoja, asiyependa watu wajue kwamba haoni, agombana na abiria ndani ya treni ya chini ya ardhi. Achomoa bastola, apiga, na risasi yampata mtu asiyehusika. Atoka nje akiendelea kupiga, nao polisi Wazungu wamwua. Papo hapo uvumi waenea kwamba ndugu mweusi ameuawa na Wazungu, na ghasia zaanza upya. Wakati huo askari wetu, ambao hapo kale walitisha mtaa mzima, wamesimama kando ya nyumba zinazobomolewa wakipiga risasi panya. Sijasoma anguko la mashujaa lililoelezwa kwa maneno machache kuliko hayo.

Kitabu hiki hakikosi dosari, na baadhi yake ni kubwa. Sura ya kwanza, juu ya mchungaji mwenye wake wengi na watoto 50 walao katika mahori kama mifugo, ni kali na ya kuchekesha, lakini yaachwa ikining'inia. Wanawake wengi humu ni miili tu, na wanaume wapendao wanaume waandikwa kwa dharau ambayo haina kazi yoyote katika hoja ya kitabu. Asemaye kwamba vurugu ya umbo yaeleza vurugu ya mji asiitumie hoja hiyo kufunika na haya.

Limebaki swali la hesabu. Himes aliacha mswada mwingine wa askari hawa, Plan B, uliotolewa kwa Kifaransa mwaka 1983, mwaka mmoja kabla hajafa huko Hispania, na kwa Kiingereza mwaka 1993 chini ya uhariri wa Michel Fabre na Robert Skinner. Wengine huuita huo mwisho wa mfululizo, kwa kuwa ndani yake Grave Digger amwua mwenziwe, kisha yeye naye auawa. Lakini katika Plan B yuko mtu, Tomsson Black, awapelekeaye watu weusi bunduki kwa siri. Pengo la "na nani" limejazwa tena kama zamani, na mara lilipojazwa hadithi ilikauka: kurasa nyingi ni historia ya ukoo na hotuba, na mtungaji hakuweza kuimaliza. Mswada huo wafaa kusomwa na wachunguzi. Katika rafu, mwenye kuvipanga vitabu hivi na akomee cha nane, pale ambapo Grave Digger ampigia simu mkubwa wake kumweleza habari ya kipofu, naye Luteni alalamika kwamba jambo hilo halina maana, na Grave Digger akubali kwamba kweli halina.