Matundu Mawili Kwenye Nguzo za Milango

Fundi alishika drili, akaipima mkononi, kisha akairudisha juu ya gunia. Ilikuwa mara ya tatu. Mbele yake ilisimama nguzo ya mlango wa kulia wa Volkswagen Beetle ya marehemu baba yetu, rangi yake ya bluu imepauka. Alichukua kioo kidogo cha kunyolea ndevu na tochi, akachungulia ndani ya nguzo kupitia uwazi uliofichwa na kitambaa cha dari. Halafu akaigonga nguzo kwa kifundo cha kidole, kutoka juu hadi chini, akisikiliza panapolia kitupu na panapolia kizito.

"Mwalimu, bati hili likishatobolewa halirudi," alimwambia dada yangu. "Nipe mpaka kesho."

Dada alikuwa amestaafu kufundisha, na alitaka kuwapeleka wajukuu wake wawili Iringa kwa gari la babu wa mama yao. Kutoka Morogoro kwenda Iringa lazima upande milima ya Kitonga, na ukirudi lazima uishuke. Alisema hawapandishi watoto humo bila mikanda na bila breki za kuaminika. Mimi nilikuwa upande mwingine. Nilitaka gari libaki kama Baba alivyoliacha. Lilitoka kiwandani Wolfsburg mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru. Injini yake ina sentimita za ujazo 1192 na nguvu za farasi 34. Halina geji ya petroli. Lina koki ya akiba karibu na miguu ya dereva, ambayo Baba aliigeuza kwa ncha ya kiatu injini ilipoanza kukohoa. Kila kitu kidogo humo kilinikumbusha mkono wake, na niliona kila bolti mpya itakuwa kama kumfuta.

Aliyeninyamazisha ni fundi, wala hakubishana nami. Aliniuliza tu kama najua mkanda wa sehemu tatu ulianza lini. Sikujua. Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo aliyewahi kubuni viti vya kurusha marubani katika ndege za Saab, aliukamilisha mwaka 1959, na kampuni yake ikaiachia hataza hiyo wazi ili kila mtengeneza magari aitumie. Volvo PV544, gari la aina ileile ambayo ndugu Joginder na Jaswant Singh walishindia Safari Rally mwaka 1965, ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kuwekewa mkanda huo kiwandani. Kwa hiyo ule mkanda niliouona mgeni ulikuwa na umri wa miaka miwili wakati gari letu linatoka kiwandani. Wolfsburg hawakuuweka tu.

Kesho yake nilifika mapema. Nataka kueleza kazi hii taratibu, kwa sababu nimeona magari mengi ya zamani yaliyofungwa mikanda kwa bolti iliyopitishwa kwenye bati tupu, na wenyewe wakaamini wako salama.

Kwanza alimketisha dada kwenye kiti cha dereva, akamwambia akae anavyokaa siku zote, asijinyooshe kwa ajili ya fundi. Akafunga uzi kwenye nguzo kwa gundi ya karatasi, akaupitisha begani, kifuani, hadi kwenye nyonga. Uzi ukianzia chini ya bega, siku ya ajali mkanda utalivuta bega kwenda chini na kuukandamiza uti wa mgongo. Ukianzia juu mno, utakata shingo. Sehemu ya chini nayo ilale juu ya mifupa ya nyonga. Ikilala tumboni itaumiza utumbo. Akaweka alama ya chaki. Kisha akaniweka mimi, kwa kuwa namzidi dada kimo, na alama ikapanda kwa upana wa vidole viwili. Alichagua ya kwangu, akarudi kumpimia dada kwa alama hiyo mpya, akaridhika kwamba haimgusi shingo.

Halafu kikaja chuma. Alikata kipande cha unene wa milimita 3, akakikunja kidogo kidogo juu ya bomba mpaka kikafuata mkunjo wa ndani wa nguzo. Kona zote akazipiga tupa zikawa mviringo, maana kona kali hulichana bati linapovutwa. Nyuma yake akachomelea nati. Bolti za mikanda hufuata kipimo cha inchi, saba ya kumi na sita, hata kwenye magari ambayo bolti zake nyingine zote ni za milimita. Mtu wa kilo 70 akisimamishwa kutoka mwendo wa kilomita 50 kwa saa katika umbali wa nusu mita, mkanda hubeba nguvu inayozidi uzito wa tani moja. Bati la mwaka 1961 likiachwa peke yake na bolti litapasuka kama mfuniko wa kopo. Kipande kile cha chuma, kikikaa nyuma ya bati, huisambaza nguvu hiyo kwenye nguzo nzima.

Ndipo aliposhika drili. Biti aliipaka grisi nzito, ili vumbi la chuma ling'ang'anie kwenye grisi lisidondoke ndani ya nguzo na kuanzisha kutu. Akaanza na tundu jembamba, akabadilisha biti, akabadilisha tena. Kingo za tundu akazipaka rangi ya kuzuia kutu kwa kijiti cha kiberiti. Chuma akakitumbukiza ndani ya nguzo kikiwa kimefungwa waya, akakivuta mpaka nati ikakaa sawasawa na tundu. Bolti iliingia kwa vidole, bila spana, mpaka mzunguko wa mwisho. Akahamia nguzo ya kushoto. Nguzo mbili zilichukua siku mbili. Mikanda ya wajukuu kiti cha nyuma, ya kiunoni, ilifuata kwa utaratibu huohuo.

Breki zilikuwa na habari nyingine. Beetle ya umri ule ina dramu magurudumu yote manne, na mafuta ya breki hupita katika mfumo mmoja tu. Bomba moja likitoboka, pedali huzama hadi sakafuni na unabaki na breki ya mkono. Hilo ndilo lililomkosesha fundi usingizi, kuliko dramu zenyewe. Volkswagen walilirekebisha baadaye. Beetle za mwaka 1967 zilizokwenda Marekani zilikuwa na masta silinda ya mifumo miwili, wa mbele na wa nyuma, ili ukifa mmoja ubaki mwingine. Fundi akatafuta masta ya namna hiyo. Mabomba mapya aliyakunja kwa kuyazungushia kwenye magurudumu ya mbao aliyochonga mwenyewe, kila kona ikafuata njia ya bomba la zamani, na hakuna hata moja lililobonyea.

Nilimuuliza kuhusu diski, kwa kuwa kila mtu anazisifu. Alikataa. Diski za mbele zingedai vipuri vingine kwenye ekseli, na pengine rimu nyingine, kwa gari la kilo 740 hivi lisilokimbia. Dramu alizipeleka zikachongwa kwenye mashine ya kerezo, akafunga viatu vipya vya breki, kisha akaanza kazi ambayo wengi huiruka. Kila gurudumu lina nyota mbili za kurekebishia. Unaingiza bisibisi kwenye tundu la dramu, unageuza jino moja moja mpaka gurudumu likwame, kisha unarudisha meno mawili matatu. Aliyarudia magurudumu yote baada ya kuliendesha gari siku moja, na tena baada ya wiki.

Yapo na mengine aliyoyakataa. Mfuko wa hewa alisema hautoki gari moja kwenda jingine, kwa sababu hupimwa pamoja na bodi yake, kiti chake na vihisi vyake. Ukipachikwa kienyeji unaweza kumuumiza dereva kabla ya ajali. Umeme wa volti 6 aliuacha. Taa zetu hafifu zilitokana na maungio yenye kutu, na volti 6 huvuta mkondo mara mbili ya ule wa volti 12 kwa taa ya nguvu ileile, hivyo kila ungio bovu hupoteza mwanga zaidi. Aliyasugua yote hadi shaba ikang'aa, akaongeza rilei iliyofichwa nyuma ya boneti. Usiku ule niliiona barabara kwa mara ya kwanza kutoka kwenye gari hilo.

Masta ya zamani, mabomba na viatu vya breki vilipakwa grisi, vikaviringishwa kwenye magazeti na kuwekwa kwenye sanduku la mbao pamoja na daftari. Ndani ya daftari kuna mchoro wa kila kilichobadilishwa na tarehe yake. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lilipitisha Mkataba wa Turin mwaka 2012, nao unataka hivyohivyo: mabadiliko ya lazima yawe machache, yaweze kurudishwa nyuma, na vipuri vilivyotolewa vitunzwe na gari. Mtu akitaka mwaka 1961 wote urudi, ataukuta sandukuni, isipokuwa matundu ya mikanda. Nimeyakubali matundu hayo. Nikiyatazama leo naona siku mbili za mtu aliyeliheshimu bati la baba yangu kuliko nilivyoliheshimu mimi niliyekuwa nikilitetea.

Tulipanda Kitonga kwa gia ya pili, na wakati wa kurudi tukaishuka kwa gia hiyohiyo, wajukuu wamefungwa nyuma wakihesabu malori. Dramu hazikunuka kuungua.

Lakini kitu cha kwanza alichogusa fundi, kabla ya drili, kilikuwa mpira wa petroli kule kwenye injini. Ulikuwa umekauka na kupasuka pasuka, na petroli inayodondokea injini ya moto ndiyo imeteketeza Beetle nyingi. Cha pili kilikuwa mfuniko wa betri, ambayo hukaa chini ya kiti cha nyuma. Bila mfuniko huo, springi za kiti zikigusa vichwa vya betri huwasha moto chini ya watoto. Vyote viwili viligharimu chini ya bei ya mkanda mmoja. Basi wewe mwenye gari la namna hii, kabla hujaulizia diski, fungua mfuniko wa injini ikiwa imepoa na uubonyeze mpira wa petroli kwa vidole. Ukiwa mgumu kama ukuni, usiliwashe gari mpaka uubadilishe.