Sahani Inayojua Kuachia

Polistirini, plastiki ya sahani za kuoteshea seli maabarani, ikiachwa ilivyotoka kiwandani, hukataa maji, na seli hazishiki vizuri juu yake. Mafundi huipiga kwa gesi iliyochajiwa umeme. Oksijeni hujipachika usoni pake, protini hutua, seli nazo hupata pa kushika.

Hiyo ni nusu ya kazi; nusu ya pili ni kuziachia seli bila kuzidhuru.

Pongezi kubwa zaidi zinamstahili Teruo Okano na wenzake wa Tokyo. Waliivika sahani polima inayotii joto: kwenye nyuzi 37 seli hung'ang'ania, ikipoa chini ya 32, polima hunyonya maji na seli hubanduka zikiwa utando mzima, bila kimeng'enya cha kuzichanachana. Mwaka 2004 madaktari wa Japani waliripoti kuwa tando kama hizo, zilizooteshwa kwa seli za vinywa vya wagonjwa wenyewe, zilipandikizwa machoni mwa watu 4, na wote wakaona vizuri zaidi.