Sinema «Bohemian Rhapsody» na Dini ya Waparsi

Sinema hii ya mwaka 2018 yapita leo toka simu hata simu, na katekista wa Yahuma aweza kuulizwa habari zake siku yoyote. Yasimulia maisha ya mwimbaji Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi, uzao wa watu wa Irani waliohamia Uhindi wapate kushika dini ya nabii Zarathustra. Baada ya mapinduzi ya 1964 jamaa ile ilitoka Zanzibar, ikaenda Uingereza.

Katika sinema baba anamwonya mwanawe ashike mambo matatu: mawazo mema, maneno mema, matendo mema. Mwishoni mwana anamkumbusha baba mafundisho yale, nao wanapatana. Kipande hicho twakisifu.

Lakini sinema imechuma tunda, mti imeuacha. Mambo yale matatu si methali ya nyumbani tu. Mparsi anayashika kwa kuwa anamwamini Ahura Mazda, Bwana mwenye hekima, na kwa kuwa mtu amewekwa duniani apigane na Angra Mainyu, roho mharibifu. Anasali mara tano kwa siku, akifungua na kufunga tena mshipi mtakatifu kiunoni. Mbele ya moto anamwomba Mungu; hauabudu moto, kama vile sisi hatuabudu mshumaa wa Pasaka. Sala hizo hatuzioni. Hata mazishi ya Novemba 1991, yaliyoongozwa na makuhani wa dini ile, hayamo, maana kisa kinakoma kwenye tamasha la 1985.

Kosa hili latugusa sisi pia. Mara ngapi twawafundisha watoto «usiibe, usiseme uwongo», pasipo kuwafundisha kumpenda Yule aliyeamuru? Amri bila sala hunyauka.

Tena tupime vema. Mapokeo mengi ya Waparsi yasema roho mwovu hakuumbwa na Ahura Mazda. Hapo twaachana nao: shetani ni kiumbe tu. Lakini wakristu wangapi, kwa hofu ya uchawi, wanaishi kana kwamba yeye ni mungu wa pili?

Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulitangaza mwaka 1965 kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine. Basi kijana akiuliza, tusimjibu «wale ni waabudu moto». Tumweleze kwanza imani yao yote, ndipo tumwonyeshe Kristu.