Dawa Iliyodhaniwa Kuchagua Njia
Mofini hutuliza maumivu kwa kushika kipokezi kiitwacho myu kwenye utando wa seli za neva, na kipokezi hichohicho ndicho kinachopunguza pumzi hadi aliyezidishiwa dozi akapoteza maisha. Kwa takriban miaka 20 watafiti wengi waliamini kwamba neema na balaa hizo zinaweza kutenganishwa ndani ya seli. Wazo lilikuwa zuri na lilistahili kufuatiliwa. Hata hivyo, nikiutazama ushahidi wote kwa pamoja, naona kipimo kiliwapoteza: dawa dhaifu ilisomeka kama dawa inayochagua njia.

Kipokezi kikishikwa hubadili umbo, na kwa upande wa ndani wa seli huamsha protini za G, ambazo hufungua milango ya potasiamu na kuipoza neva. Kisha vimeng'enya hubandika fosfeti kwenye mkia wa kipokezi, na protini nyingine, arestini, huja kukinyamazisha na kukivuta ndani. Mwaka 1999 Laura Bohn, akiwa na Robert Lefkowitz na Marc Caron katika Chuo Kikuu cha Duke, alionyesha kwamba panya waliokosa jeni ya beta-arestini 2 walipata nafuu kubwa na ya muda mrefu zaidi kutoka kwa mofini. Mwaka 2005 kundi la Bohn likaripoti kwamba pumzi ya panya wa aina hiyo haikushuka kama ilivyotarajiwa, na choo hakikufunga sana. Ikahitimishwa kwamba protini za G huleta nafuu na arestini huleta madhara. Kampuni ya Trevena ikaunda oliseridini kwa msingi huo, na mwaka 2016 watafiti waliochuja molekuli zaidi ya milioni tatu kwa kompyuta wakaleta nyingine, PZM21.

Sasa tuingie maabara. Njia ya protini za G mara nyingi hupimwa kwa kutazama jinsi kemikali iitwayo cAMP inavyopungua. Kipokezi kimoja huamsha protini nyingi za G, kwa hiyo ishara hukuzwa njiani, na hata dawa inayokiamsha kipokezi kwa shida hufika kileleni mwa grafu. Arestini hupimwa tofauti: kila inapokutana na kipokezi hutoa chembe ya mwanga, moja kwa moja, bila kukuzwa. Anayenong'ona kwenye kipaza sauti husikika mtaa mzima. Mwondolee kipaza sauti, hata aliye jirani hamsikii. Dawa dhaifu ikipimwa kwa njia hizi mbili itang'ara upande wa G na kufifia upande wa arestini, ingawa haijachagua chochote. Mwaka 2020 kundi la Meritxell Canals lilipima hatua za mwanzo, kabla ishara haijakuzwa, na oliseridini na PZM21 zikaonekana wazi kuwa viamshi hafifu, katika safu moja na buprenofini, dawa ya zamani inayojulikana kwa udhaifu wake huo.

Msingi wa panya nao ulitikisika. Mwaka huohuo maabara za Ujerumani, Uingereza na Australia zilirudia jaribio la mofini kwa panya wasio na beta-arestini 2, na pumzi zikashuka kama za panya wa kawaida. Mwaka uliotangulia, panya ambao mkia wa kipokezi chao hauwezi kubandikwa fosfeti walikuwa wameonyesha jambo lilelile. Kwangu hili halishangazi sana, kwa sababu neva zinazoendesha upumuaji kwenye shina la ubongo nazo hupozwa kupitia protini za G.

Pingamizi zito zaidi limetoka kwa Bohn mwenyewe. Mwaka 2017 kundi lake lilipima mfululizo wa molekuli na kuona kwamba kadiri upendeleo kwa protini za G ulivyozidi, ndivyo dozi ya kutuliza maumivu ilivyokaa mbali na dozi ya kubana pumzi. Hesabu zao zilijaribu kuondoa athari ya ukuzaji, na baadaye Bohn na Edward Stahl walisisitiza kwamba udhaifu peke yake hautoshi kueleza matokeo hayo. Nauheshimu ushahidi huo, lakini una doa: molekuli inapoita arestini kidogo mno, mstari wa grafu hulala karibu sakafuni, na namba inayotolewa hapo huyumba kwa kosa dogo tu la kipimo. Wengine hutaja kwamba oliseridini iliidhinishwa Marekani Agosti 2020 kwa jina la Olinvyk. Ni kweli, baada ya washauri wa FDA, mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, kuipinga mwaka 2018 kwa kura 8 dhidi ya 7. Iliidhinishwa kuwa dawa ya maumivu ya kudungwa mshipani, na maelezo yake yana onyo la kisanduku kuhusu kubana pumzi, kama opioidi nyingine, yaani dawa za jamii ya mofini.

Swali hili sasa limehamia kwenye kisukari. Dawa ya tirzepatidi, kwenye kipokezi cha homoni ya GLP-1, huongeza cAMP huku ikiita arestini kidogo sana, na wengi wameipa sifa ya kuchagua njia. Lakini kipokezi hicho hukishika kwa nguvu ndogo kuliko homoni yenyewe, na cAMP ni ishara inayokuzwa. Anayetaka kuipa sifa hiyo atuonyeshe kwanza vipimo vya hatua ya mwanzo kabisa, pale kipokezi kinapoigusa protini ya G.