Vitabu Vinne kwa Msomaji wa Lubondja

Msomaji wa Lubondja, wilayani Fizi, hakosi Kiswahili. Tatizo ni kuchagua vitabu. Katika historia, Maisha ya Tippu Tip, yaliyochapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903, yafaa kusomwa kwa tahadhari: Maniema, jirani ya Fizi, imo humo kama nchi ya pembe za ndovu, na sauti ya waliotekwa haisikiki. Pengo hilo huzibwa na historia ya Elisabethville iliyokusanywa na André Yav mwaka 1965, ambamo watumishi wa nyumbani wanausimulia ukoloni kwa Kiswahili cha Katanga. Katika dini, tafsiri ya Kurani ya Abdallah Saleh Farsy (1969) ni hazina ya lugha hata kwa Mkristo. Sheria na riwaya zakutana katika Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert: Karama ashtakiwa kwa kutaka kufundisha elimu ya sheria.

Asiyeweza kuvipata vyote na aanze na cha Yav. Chathibitisha kwamba Kiswahili cha Kongo, kinachodharauliwa na wengi kuwa kibovu, chatosha kuandikia historia.